Mwenda na Mrudi: Juu ya Mwenzi Asiye na Jina Katika Kitabu cha Clifford Beers

Lugha yetu ina neno mwendawazimu. Neno hili limeundwa kwa maneno mawili, mwenda na wazimu, na kila alitamkaye humchora mtu aliye njiani, amekwisha kuwapa watu mgongo. Tuna na semi nyingine za jinsi hiyo: akili zimemruka, amepandwa na wazimu, amechanganyikiwa. Zote hutoa habari ya kuondoka au ya kushikwa. Habari ya kurudi ina msemo mmoja ulio mashuhuri, nao ni ule usemao akili zimemrudia. Lakini hata katika msemo huo zirudizo ni akili, wala si mtu. Mtu mwenyewe, aliyekaa miezi hospitalini, kisha akarejea kwao na furushi la nguo na karatasi ya dawa mkononi, akabisha hodi katika mlango alioujua tangu utoto, hana jina. Majirani humwita kwa jina lile lile la zamani, kana kwamba angali anakwenda.

Nakusudia katika makala haya kukihakiki kitabu cha mtu mmoja aliyerudi, na kutafuta ndani yake jibu la swali moja: mtu huyu asiye na jina ahitaji nani mlangoni? Jibu la kwanza limjialo kila mwungwana ni jamaa zake. La pili ni daktari. Majibu hayo mawili ni kweli, walakini hayatoshi. Kitabu nitakachokieleza kinatuonyesha mtu wa tatu, ambaye mwandishi wake alimwona, akanufaika naye, kisha akamsahau. Kusahau huko ndiko kasoro kubwa ya kitabu, na ulimwengu umechukua muda mrefu kuisahihisha.

Clifford Whittingham Beers alizaliwa New Haven, Marekani, mwaka 1876, akahitimu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1897. Kaka yake mmoja alipatwa na kifafa, na kwa miaka sita kijana huyu aliishi na hofu ya kwamba ugonjwa ule utamfika na yeye. Mwezi wa Juni 1900 hofu ilimshinda. Alijaribu kujiua, akaokoka na majeraha ya miguu. Tangu hapo mpaka Septemba 1903 alikuwa mikononi mwa matabibu, akapita katika hospitali tatu za jimbo la Connecticut. Aliyoyapata humo aliyaandika katika kitabu kiitwacho A Mind That Found Itself, maana yake akili iliyojipata yenyewe, kikatoka mwaka 1908 kikiwa na barua ya kukisifu ya William James, mwanafalsafa mkuu wa zama zile. Kwa wasomaji wengi kitabu hiki ni mashitaka: mashitaka ya vipigo, ya mavazi ya kumfunga mtu mikono, na ya vyumba vya baridi. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini mimi sikisomi hapa kwa mashitaka yake. Nakisoma kwa kisa kimoja kilicho katikati yake, ambacho msomaji mwenye haraka aweza kukipita.

Ugonjwa wa Beers ulikuwa na umbo hili. Aliamini ya kwamba anatafutwa na polisi, na ya kwamba watu waliokuja kumtazama hospitalini si jamaa zake hata kidogo, bali ni wapelelezi waliojifanya jamaa ili wamnase kwa maneno ya kinywa chake. Kwa hiyo akachagua kunyamaza. Kaka yake George alikuja, akaketi naye, akaondoka. Naye Beers alimtazama kama mtu atazamavyo mwigizaji stadi. Hali ya huzuni na shaka ilidumu siku 798. Yeye mwenyewe alizihesabu baadaye.

Katika hospitali ile palikuwa na mgonjwa mwingine, ambaye kitabu hakimtaji jina. Alikuwa amekwisha kupata nafuu ya kutosha hata kupewa ruhusa ya kwenda mjini peke yake. Mtu huyu aliona ya kwamba rafiki yake amekosea juu ya kaka yake, naye hakutosheka kwa kumwambia amekosea. Alijitolea kwenda mjini kutazama katika daftari la wakazi wa New Haven anuani ya nyumba ya George Beers. Anuani ikapatikana. Beers akaandika barua kwenda mahali pale, akamtaka mwenye kuipokea, ikiwa ni ndugu yake kweli, aje nayo mkononi iwe hati yake ya kupitia. Maana mpelelezi asingeweza kuwa na barua iliyofika nyumbani kwa ndugu. Tarehe 30 Agosti 1902 George alikuja, akaitoa barua ile. Ukuta wa miaka miwili ukaanguka kwa saa moja, na Beers akasema na ndugu yake.

Tukitazame kisa hiki kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna kanuni nzima ya jambo ambalo siku hizi hufundishwa katika vyuo.

Kwanza tujiulize kwa nini mgonjwa yule aliaminiwa. Ukweli alioutoa ulikuwa ule ule uliotolewa na madaktari, na ulitolewa na George mwenyewe kwa kuja kwake tu. Hakuwa na elimu kuwapita madaktari, wala hakuwa na mapenzi kumpita ndugu wa tumbo moja. Wahenga wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na hapana shaka kulala kitanda kimoja na mwenzi ni sehemu ya sababu. Lakini si sababu yote, kwani palikuwa na wagonjwa wengine tele waliolala vitanda vile. Naona sababu iliyo kubwa zaidi ni hii: mtu huyu hakuwa na funguo. Daktari alikuwa na funguo. Mlinzi alikuwa nazo. Hata jamaa, kwa sahihi zao katika karatasi za kumlaza, walikuwa na funguo za namna yao. Kila mwenye uwezo wa kumfungia au kumfungulia alikuwa, katika hesabu ya Beers, mshitakiwa. Mgonjwa mwenzake peke yake alikuwa nje ya kesi. Udhaifu wake ndio uliompa sauti.

Pili, mtu huyu alikuwa mtu wa kizingitini. Alilala ndani, akatembea nje. Kama angekuwa wa ndani tu, asingeliweza kulifikia daftari. Kama angekuwa wa nje tu, maneno yake yangetiwa katika shaka pamoja na ya wengine. Kwenda kwake mjini na kurudi kulimfundisha Beers, bila mahubiri, ya kwamba mtu aweza kutoka katika nyumba ile, akatembea katika njia za watu, na asidhuriwe.

Tatu, na hili napenda wanafunzi walitie maanani, mtu huyu hakumpa mwenzake hukumu. Alimpa njia ya kupata hukumu yake mwenyewe. Alileta anuani, akamwachia Beers kalamu. Aliyesahihishwa na mwingine hupata haya. Aliyejisahihisha hupata nguvu. Ndiyo maana jina la kitabu lasema akili ilijipata. Lakini hapo ndipo mwandishi alipodhulumu kidogo: akili ile haikujipata peke yake. Ilishikwa mkono.

Sasa kasoro. Baada ya kisa hiki furaha ilimpanda Beers kupita kiasi, akaingia katika upande wa pili wa ugonjwa wake, akafungiwa katika wadi za wakali, na huko alikusanya ushahidi wa mashitaka yake. Alipotoka mwaka 1903 akarudi kazini. Kurasa za kurejea kwake zina jamaa, waajiri, na baadaye mabwana wakubwa ambao aliwasomea mswada. Lakini mtu wa namna ya yule mgonjwa wa daftari sikumwona tena ndani yake. Na kilichoanzishwa kwa kitabu kilifuata mfano wa kitabu. Mwaka 1908 Beers aliunda chama cha Connecticut cha afya ya akili, na mwaka 1909 kamati ya taifa zima; daktari Adolf Meyer ndiye aliyeshauri jina la harakati hiyo. Wakuu wake walikuwa matabibu, maprofesa na matajiri. Vyama hivyo vilifanya mema mengi. Lakini mtu aliyerudi nyumbani leo jioni, akaogopa kwenda dukani kesho asubuhi, hakukuta katika kamati ile mtu wa kufuatana naye dukani.

Simlaumu Beers kwa ukali. Alijua ya kwamba neno la mgonjwa halina uzito, akalitegemeza juu ya maneno ya wakubwa ili lisikike. Methali ya Waswahili husema, adhabu ya kaburi aijua maiti. Ni methali ya kweli, lakini maiti hasemi. Beers alikuwa maiti aliyesema, naye alidhani ya kwamba hatasadikiwa ila akisimamiwa na walio hai. Bei ya kusadikiwa ilikuwa kuwaacha maiti wenzake kaburini.

Waliobaki walianza kutoka wenyewe. Katika miaka ya 1940 wagonjwa wa hospitali ya Rockland, katika jimbo la New York, walikuwa wakikutana pamoja, na walipotolewa waliendelea kukutana mjini New York. Walijiita kwa jina la Kiingereza lenye maana ya kwamba hatuko peke yetu. Jina hilo ni hoja: halisemi tumepona, wala halisemi tumedhulumiwa. Kutoka kwao ilizaliwa mwaka 1948 nyumba iitwayo Fountain House, ambayo mfano wake umeigwa katika nchi nyingi. Lakini kadiri nyumba ilivyokua ndivyo wataalamu walivyoshika usukani. Mwaka 1978 Judi Chamberlin, mwanamke aliyelazwa katika mwaka 1966, akatoa kitabu chake On Our Own. Kwa ufundi wa kusimulia kitabu chake hakifikii cha Beers. Kwa uwazi wa fikira kinakipita. Hoja yake ni ya kwamba msaada wa waliopitia hospitali ni msaada kweli pale tu wao wenyewe wanapoutawala. Yeye aliuona ule ufunguo ambao Beers aliupita bila kuutazama.

Hoja hiyo imekuwa ya lazima zaidi siku hizi, kwa sababu kazi ya mwenzi imeingia katika daftari za mishahara. Katika jimbo la Georgia, Marekani, tangu mwaka 1999 bima ya serikali ilianza kulipia kazi ya wenzi waliofunzwa na kupewa vyeti. Ni haki mtu alipwe kwa jasho lake, na mtu aliyekosa kazi kwa sababu ya ugonjwa wake, kisha akaajiriwa kwa sababu ya ugonjwa ule ule, amepata zaidi ya mshahara. Lakini mwajiri hutaka taarifa. Mwenzi hupewa karatasi ya kujaza: je, fulani amemeza dawa, je, amelala, je, amesema maneno ya kutisha? Siku anapoanza kuijaza karatasi hiyo bila mwenzake kujua, amekabidhiwa ufunguo, na siku hiyo hiyo ameingia katika kesi pamoja na wapelelezi wa Beers. Sisemi afiche hatari ya uhai. Mapatano ya wazi tangu mwanzo juu ya jambo gani litasemwa na kwa nani yaweza kulitatua hilo. Nasema tusimfanye mlinzi mdogo kisha tukashangaa kwamba hasikilizwi.

Wanaopima mambo kwa hesabu nao wamesema. Uingereza mwaka 2018 ulichapwa utafiti juu ya watu 441 waliokuwa wakitolewa katika uangalizi wa dharura. Nusu yao walipewa mwenzi wa kukutana naye hadi mara 10 wakikijaza pamoja kitabu cha kupangia maisha. Nusu ya pili walipelekewa kitabu hicho kwa posta tu. Katika mwaka mmoja, wa kwanza 29 katika 100 walirudi katika matibabu ya dharura, na wa pili 38 katika 100. Waliopata kitabu bila mtu hawakufanana na waliopata kitabu na mtu. Mwalimu yeyote wa fasihi angelitabiri hivyo. Lakini mwaka 2022 utafiti wa pili, uliofanywa nchini humo humo juu ya watu 590 waliokuwa wakitoka hospitalini hasa, haukuona upungufu wa maana katika idadi ya waliolazwa tena. Wapinzani wa jambo hili hushika utafiti huu kama rungu.

Mimi nauliza: je, kulazwa tena ni kushindwa daima? Rudini kwa Beers. Mwanzoni mwa mwaka 1905, miezi mingi baada ya kutoka, aliona dalili za furaha ile ya kupita kiasi zinarejea, akaenda hospitalini kwa miguu yake, kwa hiari yake, akakaa kama mwezi mmoja, akatoka salama. Katika hesabu ya watafiti hiyo ni alama ya kushindwa. Katika kitabu ni moja ya kurasa za ushindi mkubwa kabisa, kwa kuwa mtu yule aliyeogopa kila mlango sasa anajua kuingia na kutoka. Mwenzi mwema huenda akamshauri rafiki yake arudi mapema, kabla hajaletwa kwa kamba. Kipimo kisichoweza kutofautisha mtu aliyekwenda kwa hiari na mtu aliyeburutwa hakijapima kurudi, kimepima vitanda.

Na kwetu je? Jambo hili si geni wala halikuletwa na meli. Katika ngoma za matibabu, tangu pwani mpaka kusini mwa bara hili, njia ya kuwa mganga aghalabu huanzia katika ugonjwa: mtu huugua, huchezewa, huwa mteja, hufundishwa, na mwisho huwatibu wengine kwa maradhi aliyoyajua mwilini mwake. John Janzen aliyaeleza hayo katika kitabu chake Ngoma cha mwaka 1992, na Dar es Salaam ilikuwa moja ya miji aliyoichunguza. Sipendi kupamba: ngoma nayo ina ada zake, na ina watu walioumizwa humo. Lakini wazo la kwamba aliyeugua ana elimu, na kwamba elimu hiyo ni mali ya wote, tulikuwa nalo. Katika mwongo wa 2010 hospitali ya Butabika, iliyo Kampala, ilitumia watu waliowahi kulazwa wawazuru waliotolewa. Na mradi wa kimataifa ulioanza mwaka 2018 uliipeleka kazi hiyo katika vituo sita, Ulm, Hamburg, Pune, Be'er Sheva, Butabika tena, na Dar es Salaam. Basi mtu wa daftari ametufikia, na lugha yetu sharti imtafutie jina.

Wengine husema msaada wa rika. Rika ni neno zuri tukikumbuka asili yake katika jamii nyingi za bara, kwamba wana rika ni wale waliotiwa jandoni pamoja, wakashiriki kisu kimoja. Lakini masikioni mwa vijana wa leo limekuwa ni umri tu. Wengine wangependa somo, kwa mfano wa yule amfundaye mwari kwa njia aliyoipita mwenyewe. Lakini somo ana amri juu ya mwari, na amri ni ufunguo. Mimi nachagua mwenzi. Neno hili halidai umri, wala halidai cheo. Na mwenzi hawezi kuwa mwenzi peke yake, lazima awe mwenzi wa mtu.

Najua uzito wa neno moja kwa sababu nililikosea. Mwanafunzi wangu mmoja alirudi darasani baada ya kulazwa. Kama angalikuwa amevunjika mguu, chumba chake kingalijaa watu wa kumpa pole; lakini kwa ugonjwa ule hakuna aliyekwenda. Nami nikataka kuonyesha wema. Nikamkaribisha mbele ya wenzake, nikamwuliza, "Umepona kabisa?" Akainama, akasema, "Mwalimu, nimerudi." Nilidhani hakunielewa. Baadaye nilitambua ya kwamba mimi nilikuwa nimemtaka cheti, ambacho hakuna mwanadamu awezaye kukitoa juu ya akili yake, na yeye alikuwa amenipa habari iliyo ya kweli. Wiki ile mwanafunzi mmoja wa mwaka wa juu, ambaye sikujua kwamba naye amewahi kulazwa, alianza kufuatana naye kwenda chakulani. Hakuniomba ruhusa, wala sikuwa na ruhusa ya kutoa.

Beers alirudi hospitalini kwa mara ya mwisho mwaka 1939, kwa hiari yake, huko Providence, na humo alifariki mwaka 1943. Wanaomwandika hulihesabu jambo hili kama msiba unaoharibu hadithi njema. Hadithi njema waitakayo ni ile ya mtu aliyepona mara moja, akasimama jukwaani. Nawasihi wanafunzi wajihadhari na hadithi hiyo katika fasihi yetu pia, kwa maana imeanza kuandikwa: nilianguka, nikaona nuru, sasa ni mzima. Methali yatuonya, mwenye kovu usidhani kapoa. Mwenzi anayelazimishwa kuisimulia hadithi hiyo kila mkutano huishia kuficha usiku wake mbaya kwa mtu yule yule ambaye angefaidika kwa kuujua. Tuandikieni badala yake habari ya njia: ya barua iliyoandikwa kwa shaka, ya daftari lililofunguliwa mjini na mtu asiyetajwa, ya watu wawili waliokwenda kula pamoja. Na mkimpata mtu yule asiye na jina katika kitabu chochote, mpeni jina.